Bahari Hulindwa Nchi Kavu



Nimeombwa nizungumzie ulinzi wa bahari hapa Tanga, na huenda mlitarajia nianze na samaki. Nitaanza na leseni, tena ya jirani zetu.

Tarehe 26 Juni 2019, Jopo la Kitaifa la Mazingira nchini Kenya lilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa Kwasasi, kaskazini mwa mji wa kale wa Lamu. Mtambo huo ungezalisha megawati 1,050, kwa gharama iliyokadiriwa kufika dola bilioni 2 za Marekani. Makaa yangeletwa kwa meli, mwanzoni kutoka Afrika Kusini, na kupakuliwa katika maji yale yale wanamovua watu wa Lamu na Pate. Majivu yangelimbikizwa kando ya pwani. Leseni ilikuwa imetolewa Septemba 2016 na NEMA, mamlaka inayosimamia mazingira ya nchi hiyo, na watu wa Lamu, chini ya mwavuli wa Save Lamu, wakakata rufaa mwaka huo huo.

Walioshangilia hukumu ile, na nilikuwa miongoni mwao, wengi walidhani jopo limesema kwamba makaa ya mawe hayafai. Ukiisoma unaona kwamba kiini chake ni utaratibu. Kanuni za Kenya za mwaka 2003 kuhusu tathmini ya athari kwa mazingira zinamtaka mwenye mradi abandike matangazo mahali pa wazi, achapishe tangazo gazetini kwa wiki mbili mfululizo, litangazwe redioni kwa lugha rasmi na kwa lugha ya wenyeji, kisha ifanyike mikutano ya hadhara isiyopungua mitatu ili watu waelezwe madhara ya mradi na wasikilizwe. Jopo lilikuta kwamba mikutano mingi iliyofanyika ilikuwa ya kuutambulisha mradi, kabla utafiti wa athari haujakamilika. Utafiti ulipokamilika na madhara kujulikana, walioguswa nayo hawakurudiwa. Isitoshe, Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya mwaka 2016 ilikuwa haikuzingatiwa. Leseni ikaanguka. Miezi michache baadaye Benki ya Maendeleo ya Afrika ikasema haitaugharimia mradi huo, na mwaka uliofuata benki ya Kichina iliyotarajiwa kutoa sehemu kubwa ya mkopo nayo ikajitoa.

Nimeichagua habari hii kwa sababu ndani yake hakuna aliyeingia majini. Hakuna mwanamazingira aliyejifunga mnyororo kwenye gati, wala meli ya doria. Kuna watu waliosoma ripoti nene ya Kiingereza ukurasa kwa ukurasa, wakahesabu mikutano, wakauliza tarehe. Na maji yale hayakuingiwa na majivu. Hili ndilo ninalotaka kulieleza jioni ya leo: bahari yetu huharibiwa na maamuzi yanayofanywa nchi kavu, na hapo hapo nchi kavu, kabla ya muhuri kugongwa, ndipo inapoweza kulindwa kwa gharama nafuu.

Lamu hiyo hiyo ina kesi ya pili, na ukiziweka hizi mbili pamoja unapata somo ambalo kesi moja peke yake haitoi.

Mwezi Machi 2012, marais wa Kenya na Sudan Kusini pamoja na waziri mkuu wa Ethiopia walikutana Lamu kuzindua mradi wa bandari mpya na njia za kuiunganisha na nchi zao. Mwaka huo huo kundi la wavuvi na wakazi wa Lamu likaenda mahakamani. Halikupinga bandari kwa jina lake. Lilisema kwamba kazi inaanza bila watu kupewa taarifa, bila tathmini kamili, na bila kufikiria uvuvi utakwenda wapi.

Wanaoijua bahari hawahitaji kuelezwa uzito wa hoja ile, lakini humu ukumbini wamo watu wa bara, basi niwaeleze. Kusi inapovuma, bahari ya nje ya mwamba huwa haipandiki kwa ngalawa wala mashua ndogo. Kwa miezi kadhaa ya mwaka mvuvi mdogo hutegemea maji ya ndani: ghuba, mikondo baina ya visiwa, vinywa vya mito. Ghuba ya Manda, ilikopangwa bandari, ilikuwa ghala la kusi. Chini yake kuna nyasi za bahari, na katika nyasi hizo tafi hula, changu wadogo hukulia, kasa hulisha. Sasa leta mashine ya kuchimba kina. Inang'oa sakafu yote njiani, kisha tope linalotibuka linasambaa na mkondo na kutua mbali na pale palipochimbwa. Nyasi za bahari ni mimea. Zinahitaji jua kama mahindi yanavyolihitaji. Maji yakiwa machafu kwa miezi, zinakufa, na samaki aliyekulia humo hana pa kurudi. Mwenye boti kubwa atavuka mwamba akatafute kwingine. Mwenye ngalawa atakaa pwani.

Hukumu ilitoka tarehe 30 Aprili 2018. Mahakama Kuu iliyoketi Malindi ilikubaliana na walalamikaji kwamba haki zao za mazingira safi, za kupata habari, za kushirikishwa na za utamaduni wao zilikiukwa, na ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.76. Ni kiasi kikubwa, na hukumu yenyewe ni ya kihistoria: mahakama ilitambua kwamba watu wasio na hati ya umiliki hata ya inchi moja ya maji wana haki juu ya maji hayo kwa sababu wao na babu zao wameishi kwayo.

Lakini tufanye hesabu. Gawanya fedha hizo kwa watu 4,600, kila mmoja anapata kama shilingi 380,000. Mvuvi wa miaka thelathini ana miaka mingine thelathini ya kazi mbele yake. Gawanya tena kwa miezi ya miaka hiyo: ni shilingi elfu moja na kitu kidogo kwa mwezi. Hiyo ndiyo bei ya ghala la kusi. Na hata hiyo haikulipwa kesho yake, maana rufaa zilifuata. Wakati majaji wanaandika, mashine zilikuwa zimeshachimba. Gati ya kwanza ilifunguliwa Mei 2021.

Kwasasi walikwenda kwenye jopo kabla ya jiwe la kwanza, maji yake yakabaki. Kwenye bandari kesi ilisikilizwa huku kazi ikiendelea, walalamikaji wakashinda, na ghuba ikachimbwa. Sheria ilikuwa ya nchi ile ile na Katiba ile ile ya mwaka 2010. Watu walikuwa wa pwani ile ile, na baadhi yao walikuwemo katika mapambano yote mawili. Kilichotofautiana ni wakati.

Naomba nisieleweke vibaya. Sisemi bandari zisijengwe. Mji huu wa Tanga umezaliwa na bandari, na vijana wa Lamu waliosimama kuunga mkono ujenzi ule walikuwa na sababu za njaa zilizo sawa na za wazee waliopinga. Ninachokataa ni tabia ya kuihesabu bahari kama uwanja mtupu. Ukitaka kupitisha barabara kwenye shamba la mihogo, wathamini watakuja na daftari, wahesabu mashina. Ukitaka kuchimba ghuba, hakuna anayehesabu kitu, kwa sababu hakuna anayeona kitu.

Sasa kuna hoja ninayoisikia mara kwa mara, hasa kutoka kwa watu wenye elimu, na ni hoja hatari kwa kuwa inafanana na ukweli. Wanasema: bahari inapata joto, wanasayansi wenyewe wanasema matumbawe yatakufa, basi kwa nini tuzuie kiwanda au gati kwa ajili ya kitu ambacho kitakufa hata hivyo?

Sehemu ya kwanza ya maneno hayo ni kweli tupu. Mwaka 1998 maji ya bahari yetu yalipata joto lisilo la kawaida kwa sababu ya El Niño, na matumbawe yakapauka kuanzia Somalia hadi Msumbiji na visiwa vyote vya katikati. Tumbawe ni mnyama, na ndani ya mwili wake wanaishi mwani wadogo wasioonekana kwa jicho, wapangaji wanaolipa kodi kwa chakula wanachokitengeneza kutokana na jua. Joto likizidi kiwango cha kawaida cha kiangazi kwa digrii moja tu, likadumu wiki kadhaa, mwenye nyumba huwafukuza wapangaji wake. Anabaki mweupe na mwenye njaa. Maji yakipoa mapema, wapangaji hurudi. Yasipopoa, anakufa. Katika sehemu nyingi za Kenya na Tanzania zaidi ya nusu ya matumbawe hai yalikufa mwaka ule. Yalipauka tena mwaka 2016, na Aprili 2024 wanasayansi wa Marekani wakatangaza kwamba dunia imo katika upaukaji mkubwa wa nne. Jopo la kimataifa la tabianchi, IPCC, lilisema mwaka 2018 kwamba joto la dunia likiongezeka kwa digrii 1.5 tutapoteza kati ya asilimia 70 na 90 ya matumbawe, na likifika digrii 2 yatabaki chini ya asilimia moja.

Hakuna mahakama ya kulishtaki joto. Gesi inayolisababisha imetoka zaidi kwenye mabomba ya nchi ambazo watu wake wengi hawajawahi kuusikia mji wa Pangani, na kwa hili sina lugha ya adabu: tunalipa deni tusilolikopa.

Sehemu ya pili ya hoja ndiyo yenye kosa. Mwamba uliopauka hufuata njia moja kati ya mbili. Ukiwa na samaki wa kula mwani, yaani pono, tafi na kangaja, mifupa ya matumbawe yaliyokufa husafishwa, na matumbawe machanga hupata pa kushika. Ikiwa samaki hao wamemalizwa kwa nyavu za kukokota, au maji yamejaa tope na kinyesi cha mji, mwani hufunika kila kitu na mwamba haurudi. Joto ni lile lile. Kinachoamua ni hali ya mwamba kabla na baada ya joto. Kadiri bahari inavyozidi kupata homa, ndivyo kila jeraha la ziada tunalolitia sisi wenyewe linavyozidi kuwa na gharama. Anayetumia tabianchi kama ruhusa ya kuharibu amesoma nusu ya kitabu.

Hapa Tanga majeraha ya ziada tunayajua kwa majina. Baruti ya kuvulia samaki tuliisikia kwa masikio yetu kwa miongo mingi, asubuhi, kama ngurumo isiyo na mvua, na ilichukua nguvu ya serikali nzima, polisi na wenye vyombo kwa pamoja, kuipunguza. Mkonge ulioujenga mkoa huu nao una deni lake: katika kila jani linalosagwa, nyuzi ni kama asilimia nne tu, na kinachobaki ni maji na makapi, ambayo kwa miaka mingi yalielekezwa mtoni. Mto unaishia wapi, sina haja ya kuwaambia.

Joto la maji halikuwagusa wavuvi peke yao. Kule Unguja, kilimo cha mwani kilichoanza kibiashara Paje mwishoni mwa miaka ya 1980 kiliwapa wanawake fedha zao wenyewe, kwa wengi mara ya kwanza. Aina inayolipa vizuri, ambayo wao huiita kotonii, haistahimili maji ya moto. Katika maji mafupi ilianza kuugua na kukatika, na wakulima wengi wakabaki na spinosamu, ambayo bei yake ni ya kusikitisha. Dawa moja ni kuhamia maji ya kina, yenye ubaridi zaidi. Lakini kulima kwenye kina kunataka chombo na kunataka kujua kuogelea, na hivyo viwili ndivyo ambavyo wasichana wa pwani wengi hawakupewa. Ukiambiwa tabianchi ni suala la kisayansi, kumbuka kwamba hapo limegeuka suala la nani alifundishwa kuogelea.

Nije kwenye mikoko. Wazee hawana neno moja kwa mti huu. Kuna mkoko wenyewe, mchu, mkandaa, mlilana, muia, mkomafi. Na miti ikishakatwa hupangwa kwa unene wake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Nyumba za kale za Lamu, Zanzibar na hata za Ghuba ya Uajemi zina upana ule wa vyumba kwa sababu boriti ina urefu ule. Biashara hiyo ilikuwa kubwa hata Kenya ikapiga marufuku kuuza boriti nje mwaka 1982. Watu waliojua kuutumia mti kwa daraja hivyo walijua pia kuuacha mwembamba ukue. Hilo sisi waandishi wa mipango huwa tunalisahau. Februari 2018 Kenya ilipositisha ukataji wa miti katika misitu yake, wakataji wa Lamu wenye vibali walisimamishwa kazi pamoja na wezi wa mbao wa bara. Kaunti yao ndiyo yenye zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, kama hekta 37,000 kati ya 61,000, na imesalia mikononi mwao hao hao.

Mikoko hufa kwa njia mbili ambazo shoka halihusiki. Mvua kubwa za mwaka 1997 na 1998 zilisomba udongo wa bara hadi hori la Mwache, Mombasa, ukafunika mizizi ya kupumulia, na sehemu kubwa ya msitu ikafa imesimama. Aprili 2005, meli ya mafuta iitwayo Ratna Shalini ilivujisha mafuta ndani ya bandari ya Kilindini. Mafuta yaliingia mikokoni na maji kujaa, yakakaa kwenye mizizi na tope maji yalipotoka, na miti ikafa kwa maeneo. Mwamba unaweza kusafishwa na mawimbi. Mkokoni hakuna wimbi. Kinachoingia mle hukaa.

Upande wa matumaini watu hupenda kutaja Gazi, kusini mwa Mombasa, na wana haki. Katika miaka ya 1970 mikoko ya Gazi ilikatwa kwa ajili ya kuni za viwanda, na sehemu nyingine zikabaki mchanga mtupu. Wataalamu wa taasisi ya utafiti wa bahari ya Kenya, KMFRI, wakapanda upya pamoja na wanakijiji, na tangu mwaka 2013 mradi wa Mikoko Pamoja, wenye hekta 117, umekuwa ukiuza hewa ya ukaa iliyohifadhiwa na msitu huo. Katika miaka ya mwanzo mapato ya mwaka yalikuwa dola elfu kumi na kitu, na vijiji vya Gazi na Makongeni hukaa mkutanoni kuamua: maji ya bomba, vitabu, madarasa. Mwaka 2017 walipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Vanga, karibu na mpaka wetu, wamefuata kwa eneo kubwa zaidi.

Ninaipenda Gazi kwa jinsi kamati yake inavyofanya kazi. Biashara yenyewe ya hewa ya ukaa ninaitilia shaka. Tani hizo zinanunuliwa na mtu aliye mbali ambaye kwa kuzinunua anapata amani ya moyo ya kuendelea kutoa moshi, na moshi huo ndio unaopasha maji yanayoua matumbawe mbele ya mikoko ile ile. Fedha za hekta 117 zinatosha kujenga kisima. Hazitoshi kuzuia bandari. Akija mwekezaji na bilioni, hesabu ya tani za ukaa itaonekana kama chenji. Kwa hiyo Gazi iigwe kwa kamati yake na vitalu vyake vya miche, lakini tusije tukafika mahali pa kusema kwamba msitu usiouzika hauna thamani.

Kuna jambo jingine la kusema kabla sijafika nyumbani Tanga, nalo haliwapendezi wenzangu wa uhifadhi. Mara nyingi tumelinda bahari dhidi ya mtu dhaifu. Tanzania ina Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya mwaka 1994, ikazaa Hifadhi ya Bahari ya Mafia mwaka 1995 na nyingine baadaye. Zimefanya kazi nzuri, lakini muulize mvuvi wa juya la kukokota au wa mtando ni mara ngapi amekamatwa, kisha uulize ni mara ngapi kiwanda kimefungwa kwa kutiririsha maji machafu. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Tembeeni kutoka Kunduchi hadi Bahari Beach, Dar es Salaam, mpime kwa hatua zenu. Huko huko Kunduchi, hoteli ya Africana ilimezwa na bahari, na moja ya sababu ni mchanga uliochimbwa kwenye vijito kwa ajili ya ujenzi: ufukwe ulionyimwa mchanga na mto wake ukaanza kujila. Majirani walijibu kwa kuta za mawe, na kila ukuta ukampelekea wa pembeni mmomonyoko. Huo mchanga hakuuchimba mvuvi.

Sheria inapokuwa ya wenyewe, mambo hubadilika. Kuruwitu, Kilifi, wavuvi walijitengea kipande cha bahari wasikivue kabisa, wakakiita tengefu, na wakakilinda wenyewe. Kisiwa Panza, Pemba, hufunga mwamba wa pweza kwa miezi, kisha hufungua siku moja kijiji kizima kikishuka. Pweza hukua haraka, na faida huonekana kabla subira haijaisha. Wanaoweka masharti ndio wanaokula matunda yake, kwa hiyo hakuna haja ya bunduki.

Basi tufike nyumbani. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, lenye urefu wa kilomita 1,443, linaishia rasi ya Chongoleani, ng'ambo ya ghuba yetu. Kutakuwa na matangi makubwa na gati ndefu ya kupakilia meli. Mafuta ya Uganda yana nta nyingi. Yasipopashwa moto njia nzima, yanaganda. Yakimwagika baharini yatarajiwe kuganda mapande mapande na kusafiri na mkondo, na mbinu za kunyonya mafuta mepesi hazitafaa sana. Kusini ya hapo ipo Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyotangazwa mwaka 2009 baada ya wavuvi wetu wa jarife kuanza kumnasa samaki ambaye wataalamu wa zamani walidhani amekwisha tangu enzi za dinosaria. Kwa hiyo tuna samaki wa kale sana na mafuta mapya kabisa katika maji ya mkoa mmoja.

Msihangaike kuniuliza kama ninaupinga mradi. Leseni zilishatolewa na chuma kimeshafika. Sisi wa Tanga tuko kwenye hali ya bandari ya Lamu kuliko ya Kwasasi: wakati mzuri wa kuuliza umepita. Bado upo wa pili, ambao ni kabla ya ajali.

Mauritius haikuutumia wakati huo wa pili. Tarehe 25 Julai 2020, meli ya mizigo Wakashio ilipanda mwamba wa Pointe d'Esny. Haikuwa hata meli ya mafuta; ilichobeba ni mafuta ya injini zake yenyewe, kama tani 4,000. Ilikaa juu ya mwamba siku kumi na mbili huku dunia ikitazama. Tarehe 6 Agosti ikaanza kuvuja, na tani zipatazo 1,000 zikaingia kwenye maji ya hifadhi na mikoko. Watu wa kijiji cha Mahébourg na kwingineko walishona magunia, wakayajaza majani ya miwa, wakayafunga yaelee, wakayasukuma baharini kuyazuia mafuta. Picha zile zilisifiwa ulimwenguni kote kwa moyo wa watu. Mimi nilizitazama kwa hasira, maana siku kumi na mbili zinatosha kuleta maboya ya kweli kutoka popote. Meli zitakazofunga Chongoleani zitabeba mzigo mkubwa mara nyingi zaidi.

Hivyo tuulize sasa, na kwa maandishi. Vifaa vya kuzuia mafuta viko wapi: Tanga, Dar es Salaam, au kwenye orodha ya manunuzi? Itachukua saa ngapi kuvifikisha kijiji cha Kigombe kusi ikiwa inavuma? Wavuvi wamehesabiwa, na samaki wanaotua katika kila mwalo wamepimwa uzito leo, ili kesho mtu akidai fidia asiambiwe alete ushahidi wa alichokuwa akikipata? Hilo la mwisho linaweza kufanywa na kamati ya mwalo yenyewe, kwa daftari na mizani, bila kungoja mfadhili. Wenzetu wa Lamu walihitaji miaka sita kuithibitishia mahakama kilichopotea.

Zoezi la dharura likifanyika, lifanyike na wenye mashua, kwa Kiswahili. Anayejua maji ya Kwale na Moa, hapa mkoani, usiku hayuko ofisini.

Ripoti ya tathmini ni hati ya umma. Aombaye aanzie ofisi za NEMC, baraza la mazingira la nchi yetu, na asikubali kupewa muhtasari peke yake. Aombe na kiambatisho cha mpango wa dharura, kwani humo ndimo panapopaswa kuwepo namba za watu wa kupigiwa simu meli ikivuja saa nane za usiku. Akizipata, azijaribu.